Niliambiwa Dada Yangu Ananionea Wivu



"Kikulacho ki nguoni mwako." Methali hii tunaijua sisi wote. Nilipokuwa mtoto nilifikiri inasema tu juu ya chawa. Mwaka 2019, hapa Butembo, niliisikia kwa namna ingine. Leo nataka kuwaeleza mambo yaliyonipata na dada yangu mkubwa. Siandiki kusudi nimlaumu. Yeye mwenyewe anajua kwamba ninaandika, na alinipa ruhusa. Alisema tu: "Andika, lakini uandike na yako." Kwa hiyo nitaandika na yangu.

KARATASI CHINI YA MLANGO

Mnakumbuka ile miaka. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imetokea upande wa Mangina, katika teritwari ya Beni. Ilikuwa mara ya kumi kwa ugonjwa huo kuingia katika inchi yetu. Ukafika Beni mjini, kiisha Butembo na Katwa, na Ituri vilevile. Ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3470 walikuwa wameupata, na 2287 kati yao walikuwa wamekufa. Wengi wetu tulizika watu wetu bila kuwaosha, bila kuwagusa, bila kukaa kilio kama ilivyo desturi.

Ugonjwa ulikuja na kazi. Wale waliopigana na Ebola, watu waliwaita Riposte. Walikuja na magari mapya, wakakodi nyumba kwa dola, wakaajiri watu wa kuosha, wa kuendesha gari, wa kupima joto barabarani, wa kulinda usiku. Butembo ni mji wa biashara. Mtu wa kwetu akiona dola, anahesabu. Watu wakaanza kusema kwamba Ebola ni biashara. Tena uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo, na hasira ikazidi. Katika jamaa ya watu kumi, mmoja akipata kazi ya Riposte, tisa walibaki wakimtazama.

Mmoja huyo nilikuwa mimi. Nina diploma ya serikali, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nauza vikwembe sokoni. Mwezi wa 1 mwaka 2019 nikaajiriwa kufuatilia watu waliokuwa wamekaribiana na mgonjwa. Unapashwa kumtembelea kila mmoja kwa siku 21, kumuuliza hali yake na kumpima joto. Wengine walinipokea vizuri, wengine walinifungia mlango, wengine walinitukana. Kazi ilikuwa na hofu, lakini ililipa. Kwa mwezi mmoja nilipata kuliko mume wangu alivyopata kwa miezi mitatu akichimba zahabu kule Manguredjipa.

Dola zangu nilizificha ndani ya gunia la unga wa mihogo, jikoni. Siku moja dada yangu aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akanikuta mkono uko ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Tukacheka. Nikamwambia: "Yaya, ni weye peke yako unajua." Hata mume wangu alikuwa hajajua.

Tarehe 19 mwezi wa 4, siku ya Ijumaa Kuu, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, alipigwa risasi akafa katika mji wetu. Juma lililofuata, usiku, jiwe lilianguka juu ya mabati yangu. Asubuhi nikakuta karatasi chini ya mlango, imeandikwa kwa biki ya bluu. Ilisema kwamba ninakula falanga ya maiti, na kwamba nisipoacha kazi nyumba itachomwa. Na mwishoni: "Zile dola za ndani ya unga hazitakuokoa."

Nilikaa chini sakafuni. Jiwe halikuniumiza kama lile neno la unga. Mtu mmoja tu duniani alilijua.

YEYE ALIYENISOMESHA

Kwetu sisi Wanande, jina la mtoto linaonyesha nafasi yake ya kuzaliwa. Paluku ni mwanaume wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Masika ni msichana wa kwanza. Kwa hiyo tangu mtoto anazaliwa, watu wanajua nani anakuja mbele na nani nyuma, nani anapewa heshima kwanza na nani anabeba mzigo kwanza. Dada yangu ni wa kwanza. Mimi ni wa nyuma.

Mama yetu alikufa nikiwa na miaka saba. Dada alikuwa darasa la tano. Akaacha masomo, akashika jembe. Alilima viazi na maharagi, akauza, akanilipia shule mwaka kwa mwaka. Siku niliyosikia jina langu kwenye redio kati ya wale waliopata diploma, yeye ndiye aliyecheza katikati ya barabara, mimi niliona haya. Diploma ile ina jina langu, lakini ililipwa kwa mikono yake.

Aliolewa Beni. Mume wake alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau, kwenye barabara ya kwenda Oicha. Walianza kuwa na kitu: nyumba ya mabati, pikipiki, watoto shuleni. Kila mtu aliyetoka Beni alikuja na mzigo mdogo aliyonitumia dada: sukari, sabuni, samaki. Mwezi wa 10 mwaka 2014 mauaji yalianza upande wa Beni. Mnajua zile panga. Jirani zao waliuawa. Wao walikimbia na watoto tu. Kakao ilibaki kule, wengine wakaivuna. Walifika Butembo, wakakodi nyumba ya udongo karibu na kwangu, na yeye aliyekuwa akinitumia sukari akaanza kuniomba chumvi.

Haya yote niliyajua. Lakini asubuhi ya karatasi sikuyakumbuka hata moja. Nilisema moyoni: Kumbe! Na mambo madogo ya zamani yakaanza kujipanga kama mashahidi. Siku niliponunua viti vipya, alisema: "Ah, sasa uko mukubwa." Siku ya ubatizo wa mtoto wangu aliondoka kabla ya chakula. Siku moja aliniita "Madamu" mbele ya watoto, na watoto wakacheka. Wakati ule niliona ni mzaha. Sasa kila mzaha ulionekana kuwa na meno.

Wivu wa adui haufichiki. Unamwona akija, unabadili njia. Wivu wa mtu wa karibu unakuja na sahani mkononi. Anajua jikoni kwako, anajua siku ya mshahara, anajua mtoto wako anaogopa nini. Ndiyo maana unauma zaidi. Na ndiyo maana unatutia wazimu: ukishaanza kuutafuta, unauona popote, hata pale ambapo haupo.

NENO LA NABII

Siku chache baadaye mtoto wangu mdogo alishikwa na homa. Fikirini hofu yangu, mimi niliyekuwa naingia katika nyumba za watu wanaofuatiliwa. Nilimpeleka kupimwa. Haikuwa Ebola, ilikuwa malaria, na dawa ikaanza kumsaidia. Lakini mama mkwe wangu hakutulia. Alikwenda kwenye chumba kimoja cha maombi cha mtaani. Nabii wa pale hakutaja jina. Alisema tu: "Kuko mama mumoja wa ndani ya jamaa, alikuyaka na watoto kutoka mbali. Jicho yake iko juu ya huyu mutoto."

Watu wa nyumbani wakatazamana. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Wandugu, mnajua maneno kama hayo yanakwenda wapi. Wivu unaitwa jicho, jicho linaitwa ulozi, na mtu akishaitwa mlozi hana wa kumtetea. Mara nyingi ni mama mjane, ao mzee, ao mkimbizi asiye na ndugu wengi. Vijana wanakuja na fimbo, wengine wanakuja na petroli. Mdogo wa mume wangu, kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma, alisema: "Mutuachie siye. Weye sema tu ndiyo."

Neno moja tu. Nami nitasema kweli: neno lile lilifika mpaka kwenye meno yangu. Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Nabii alikuwa amesema. Mtoto alikuwa ameugua. Kila kitu kilikubaliana.

Nikasema: "Muache kwanza nifikiri." Usiku ule sikulala. Nilifikiri hivi: wivu wa dada yangu, kama ulikuwako, ulileta jiwe juu ya mabati. Lakini neno langu lingeweza kumwua, na watoto wake wangebaki katika nyumba ile ya udongo bila mama, kama mimi nilivyobaki. Kati yetu sisi wawili, nani alikuwa na silaha kubwa?

SHANGAZI ALINIULIZA

Asubuhi nikapanda gari mpaka Beni, kilometa 54, kwa shangazi yetu anayekaa komini ya Bungulu. Yeye ndiye aliyempokea dada usiku ule alipokimbia kutoka Mbau. Nikamweleza mambo yote, nikatoa na karatasi. Nilitegemea aseme kwamba dada ni mtu mbaya, kusudi nirudi nyumbani nikiwa na haki. Yeye akaendelea kuchambua maharagi. Kiisha akaniuliza:

"Hiyo kazi, dada yako hakuombaka?"

Nikanyamaza. Aliomba. Mwezi wa 2 alikuja kwangu amejifunga kikwembe chake kizuri, kile kimoja. Alikuwa amesikia kwamba wanatafuta wamama wa kuosha na wa kupika, kazi isiyotaka diploma. Aliniambia: "Mudogo, unisemee." Nikamjibu kwamba lista imejaa. Haikuwa imejaa. Sikuuliza hata mara moja. Nilifikiri: dada asiyejua Kifaransa, mwenye viatu vya plastiki, wenzangu watasema nini juu yangu?

Shangazi akaendelea.

"Na unga, unamupatiaka?"

"Ndiyo, shangazi. Kila juma."

"Saa gani?"

"Mangaribi. Watu wasione."

"Wasione nini? Kama unamupa, ao kama yeye ni dada yako?"

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kujitetea kwa methali ile isemayo Hasidi hana sababu. Shangazi akatikisa kichwa. Akasema kwamba pengine wako watu wa namna hiyo, wenye kuchukia tu mwenzao akiwa na kitu. "Lakini huyu wako, uliishamuuliza sababu?" Nilipoinuka kwenda, akanirudishia karatasi yangu. "Hii uchome. Usiende kwake na karatasi mukononi. Enda na jembe."

CHINI YA MTI WA AVOKA

Nilikuwa na kipande cha shamba upande wa Musienene. Nikamwita dada twende kupalilia maharagi. Alikubali bila kunitazama. Tulipalilia kimya tangu asubuhi, yeye kwenye mstari wake, mimi kwenye wangu. Kama siku zote, alinitangulia, kiisha akarudi akamaliza na mstari wangu.

Saa sita tulikaa chini ya mti wa avoka, tukala viazi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumuuliza. Nikakumbuka macho ya shangazi, nikaanza na lile langu. Nikamwambia: "Yaya, ile siku uliniomba kazi, nilikudanganya. Lista haikujaa. Nilikuonea haya. Unisamehe."

Alikaa muda mrefu akimenya kiazi ambacho kilikuwa kimekwisha kumenywa. Kiisha akasema: "Nilijuaka. Jirani yangu aliingiaka kazini ile juma ile ile."

Alijua. Miezi ile yote, kila mangaribi aliponyoosha mikono kupokea unga wangu, alijua.

Kisha alisema yeye mwenyewe, bila mimi kumuuliza: "Ile karatasi watu wanasemaka, si miye. Miye ninajua kuandika barua wapi? Lakini maneno ya unga, ilitokaka mu kinywa changu."

Akanieleza. Siku moja penye bomba la maji, wamama walikuwa wakizungumza juu ya watu wa Riposte. Mmoja akamcheka: mdogo wako anakula dola, na weye unavaa hivi? Akajibu kwa uchungu: "Anafichaka dola mu unga sawa panya, na miye ananipatiaka mabaki." Ni hayo tu. Ndoo yake ilipojaa, akaenda. Lakini lile neno halikwenda naye. Lilibaki pale bombani, kila mtu akachota. Usiku aliposikia jiwe juu ya mabati yangu, alijua limetoka wapi. Alikaa mlangoni kwake mpaka kunapambazuka, macho kwenye nyumba yangu, kusudi wakirudi apige kelele. Mimi nilikuwa ndani nikitetemeka. Asubuhi yake nikamhukumu, na yeye alikuwa amenilinda usiku mzima.

Nikamuuliza lile neno ambalo hatukuwa tumelitaja: "Uliniwaziaka vibaya, Yaya?"

"Ndiyo," akasema. "Wivu ilinikamata. Si juu ya dola. Niliona watoto wako wanapita na nguo ya shule, yangu wanawaangalia. Nikasema: hii shule, nani aliilipaka?" Akafuta macho kwa mkono wenye udongo. "Nilienda kuungama. Lakini kwako nilishindwa kuanza."

Mpaka leo sijajua nani aliandika karatasi ile.

ALIYESIMAMA INJE

Nilipokuwa narudi nyumbani nilifikiri juu ya mfano wa mwana mpotevu. Kila mara tunahubiriwa juu ya yule mdogo aliyerudi. Tunasahau mwisho wake: mkubwa anatoka shambani, amechoka, anasikia muziki, hataki kuingia. Na baba anatoka inje kumfuata. Yezu hakutuambia kama yule mkubwa aliingia. Alituambia tu kwamba baba hakubaki ndani akisema: huyu ana wivu, mumwache.

Dada yangu alisimama inje ya nyumba yangu kwa miezi, na mimi niliongeza tu sauti ya muziki.

Na ile hadithi ya Yosefu na ndugu zake, niliisoma siku zote nikiwa mimi Yosefu. Ni kweli, ndugu zake walitenda uovu, na hakuna vazi linalofanya kumwuza ndugu kuwe halali. Lakini baba ndiye aliyempa mtoto mmoja vazi zuri mbele ya wengine, na Yosefu mwenyewe ndiye aliyewaeleza ndoto zake, mara mbili. Mtu anaweza kuwa hana kosa, na bado akaweka kuni penye moto.

Niliwaita watu wa nyumbani, pamoja na mama mkwe na yule kijana. Nikawaambia: "Dada yangu si mlozi. Mutoto aliugua malaria. Anayemugusa yeye ananigusa miye." Mama mkwe hakufurahi, lakini alinyamaza. Juma lile, katika mkutano wa shirika letu, niliposhukuru Mungu kwa kupona kwa mtoto, nilisema wazi mbele ya wote kwamba huyu dada ndiye aliyenilipia masomo. Wengi hawakujua. Dada aliinamisha kichwa, lakini tulipotoka alitembea kando yangu, si nyuma.

Kiisha nilikwenda kazini kumwombea nafasi. Safari hii lista ilikuwa imejaa kweli. Ndivyo inavyokuwa: wema uliocheleweshwa haupati daima mlango. Basi tukachukua sehemu ya zile dola, zilizokuwa zimeshatoka ndani ya unga, akaanza kuuza viazi vya Lubero sokoni. Biashara ikawa yake, kwa jina lake, bila mimi kuhesabu faida. Hatukuwa mara moja kama zamani. Kuna siku alikuwa mkali, kuna siku mimi nilipima maneno. Lakini unga wangu ulianza kwenda kwake mchana.

SI KILA WIVU UNAPONA

Vijana mnaofanya kazi katika machimbo, msiseme kwamba hii ni habari ya wamama tu. Mume wangu ana yake.

Kule Manguredjipa alikuwa na mwenzake wa shimo, mtu waliyekula naye sahani moja kwa miaka minne. Walipata mwamba mzuri. Mume wangu, kwa sehemu yake, akanunua pikipiki. Mwenzake akaimaliza yake kwa pombe. Kiisha maneno yakaanza kutembea katika kambi: kwamba pikipiki ile imenunuliwa na damu, kwamba mume wangu alitoa mtu wa jamaa kuwa kafara kusudi zahabu ionekane. Katika machimbo, mtu anaweza kufa kwa neno la namna hiyo.

Mume wangu alifanya kama mimi: alimfuata mwenzake, akamuuliza kwa upole, akaomba radhi kama kuna jambo alilomkosea. Mwenzake alicheka, akamkumbatia, akaapa. Na juma lililofuata maneno yakarudi, makali zaidi. Mara ya pili mume wangu alikwenda na wazee wawili wa kambi. Mara ya tatu alimwita mbele ya wazee hao, wakagawa vyombo na deni kwa karatasi, wakaachana. Mpaka leo wanasalimiana. Mume wangu alimsaidia hata siku mtoto wake alipougua. Lakini hawashiriki tena shimo, wala siri, wala falanga.

Kusamehe ni lazima kwa mkristu. Kumrudishia mtu ufunguo wa nyumba si lazima. Kuna wivu wenye jeraha ndani yake, ukiligusa kwa upole unaanza kupona. Na kuna wivu ambao mwenyewe ameupenda, anaulisha kila siku. Huu hauponi kwa sababu wewe ni mwema. Unamwombea mwenye nao, humchongei, na unakaa mbali kidogo.

MAMBO NINAYOYASHIKA SASA

Sijioni kuwa mwalimu, lakini mambo haya yamenisaidia.

Kwanza, ukiona dalili za wivu kwa mtu wako, jiulize mbele ya Mungu kama kuna kitu ulichomnyima ambacho ni haki yake: shukrani, heshima, ukweli. Wakati mwingine hakuna. Wakati mwingine kipo.

Pili, usipeleke jambo hilo kwa mtu anayetafuta mlozi. Ulipeleke kwa mtu anayekuuliza maulizo magumu: mzee wa jamaa, padri, rafiki anayependa ninyi wawili.

Tatu, pima unachosema. Si kila mtu anayekupenda anaweza kubeba siri ya falanga yako. Mimi nilimtwika dada siri ile siku ambayo yeye hakuwa na chumvi. Ilikuwa mzigo mbaya kumpa mtu mwenye njaa.

Ine, usijifiche kabisa. Mwenye kuficha kila kitu juu ya hofu ya macho ya watu anaishi kama mwizi wa mali yake mwenyewe. Furahi, lakini uite wengine kwenye furaha yako.

Tano, na hili ni la kwangu zaidi: utafute wivu wako mwenyewe. Siku dada alipouza viazi vizuri, wateja wakampenda, akanunua kikwembe kipya kizuri kuliko changu, nilisikia kitu kikinichoma hapa kifuani. Nilikitambua. Nilikuwa nimeona sura yake.

Kazi ile ya Riposte ilikwisha mwaka 2020. Magari yakaenda, nyumba za kukodi kwa dola zikabaki tupu, wengi waliotukanana juu yake wakarudi kukaa pamoja sokoni, mikono mitupu. Falanga yangu ilikwisha nayo. Dada yangu alibaki.

Mwezi wa 2 mwaka 2021 Ebola ilirudi Butembo. Safari hii haikukawia. Tarehe 3 mwezi wa 5 ilitangazwa kwamba imekwisha. Waliponiita tena kazini, kabla ya kujibu nilivuka kwanza kwa dada. Nilimkuta anapanga viazi vyake kwa ukubwa. Nikamwambia. Akaniuliza: "Unaogopa?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Uende. Watoto watakula kwangu."

Nilipolipwa, tulifunga mlango, tukahesabu sisi wawili.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA KATIKA SHIRIKA

1. Katika jamaa yetu, nani alijinyima kusudi wengine wasome ao waanze kazi? Tulimshukuru mbele ya watu?

2. Mtu akisema kwamba ndugu fulani ana jicho baya, sisi tunafanya nini kwanza: tunamuuliza mwenyewe, ao tunalitembeza neno?

3. Ni nani ambaye mafanikio yake yananiuma mimi, na sijamwambia mtu?